Ghala Limejaa, Mtoto Amedumaa

Hakuna mtu anayeweza kusema kwamba ardhi ya Katavi inatunyima chakula. Mvua hunyesha tangu Novemba hadi Aprili, na baada ya mavuno ukisafiri kutoka Mpanda kwenda Mpimbwe au upande wa Mishamo utaona magunia ya mahindi na mpunga yakisubiri malori. Mikoa mingine huja kununua kwetu. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba hapa Katavi karibu mtoto mmoja kati ya watatu wenye umri chini ya miaka mitano amedumaa. Kwa jirani zetu wa Rukwa, mkoa ambao sisi tulikuwa sehemu yake hadi mwaka 2012, karibu nusu ya watoto wamedumaa. Iringa, nako kwenye mahindi mengi, wamezidi nusu. Wastani wa taifa zima ulikuwa asilimia 30.

Hebu akina mama tujiulize: inawezekanaje mikoa inayolisha nchi ikawa ndiyo yenye watoto waliodumaa?

Sisi tunaofanya kazi katika kliniki za mama na mtoto, na ambao Jumapili tunakutana na akina mama hao hao katika vikundi vya kanisani, tumelifikiria swali hili kwa muda mrefu. Sababu ziko nyingi, na tutazitaja. Lakini sababu moja iko mikononi mwetu wenyewe, nayo ni kwamba tumejaza ghala kwa zao moja na tukaacha yale mengine yaliyokuwa yakikijaza chungu. Makala hii inahusu mazao hayo tuliyoyaacha, na namna ya kuyarudisha.

UDUMAVU HAUONEKANI KWA MACHO

Mtoto mwenye utapiamlo mkali kila mtu humwona. Amekonda au amevimba miguu, nywele zimebadilika rangi, na bibi yake ndiye wa kwanza kusema apelekwe hospitali. Mtoto aliyedumaa ni tofauti. Anacheza, anacheka, mashavu yake yamejaa. Ni mfupi tu kuliko umri wake unavyotaka, na sisi husema, "Huyu amefuata ufupi wa babu yake."

Kumbe ufupi ule ni dalili ya nje tu. Mwili uliokosa viini lishe tangu mimba inapotungwa hadi mtoto anapotimiza miaka miwili haukujenga vema hata ubongo wake. Mtoto huyo ataugua mara kwa mara na darasani atachelewa kuelewa. Akiwa msichana, siku ya kujifungua nyonga yake inaweza kuwa nyembamba kiasi cha kuhatarisha maisha yake na ya mtoto. Sisi wakunga tunaijua hofu hiyo. Siku zile 1,000 za mwanzo zikishapita, ni vigumu sana kurudisha kilichopotea.

Mama mmoja alitufikia kliniki na mtoto wa miezi 16. Uzito ulikuwa unaridhisha kidogo, lakini tulipomlaza kwenye ubao wa kupimia urefu tukaona amebaki nyuma sana. Tukamwuliza anamlisha nini.

"Uji, nesi. Na ugali anaanza kula vizuri."

"Uji wa nini, mama?"

"Wa mahindi. Mwaka huu tumepata gunia 28, hatuna njaa."

"Na njugu mawe, kunde, ulezi, havimo shambani?"

Akacheka. "Hayo alikuwa analima bibi. Sasa hata nikitaka, hiyo mbegu nitaitoa wapi?"

Mama yule hakuwa mvivu wala mjinga. Alifanya kazi tangu alfajiri, na gunia 28 si haba. Katika jibu lake tulipata mambo mawili. La kwanza, kwamba kushiba na kulishwa vema si kitu kimoja. La pili, kwamba mazao yale hayakufa kwa sababu ni mabaya. Yamekosa mtu wa kutunza mbegu.

MAHINDI YALIVYOTAWALA

Wazee wetu wa nyanda hizi walikula ugali wa ulezi na wa mtama. Mahindi yalitoka Amerika na kuenea kwetu polepole. Kilichoyapa nguvu ni mipango ya baada ya uhuru. Kuanzia miaka ya katikati ya 1970 Serikali ilihimiza kilimo cha mahindi kwa mbegu bora na mbolea ya ruzuku, na ikaweka bei moja kwa nchi nzima, hivyo hata mkulima wa mbali huku kusini magharibi akalipwa sawa na mwenzake wa karibu na Dar es Salaam. Rukwa, Mbeya, Iringa na Ruvuma zikawa mikoa minne mikubwa ya mahindi. Mpanda wakati huo ilikuwa wilaya ya Rukwa.

Mpango ule ulilishwa taifa, na hatuubezi. Lakini watafiti, mabwana shamba, mikopo na masoko vyote vikaelekea upande mmoja. Ulezi uliobaki mwingi ukaishia kwenye pombe. Mtama ukaitwa chakula cha njaa. Njugu mawe zikabaki pembeni mwa shamba, kwenye kijisehemu cha mama. Mboga kama mgagani na mnafu zikaitwa magugu, na kijana akionekana anazila anachekwa.

Kutegemea zao moja kuna hatari nyingine pia. Mwezi Juni 2017 mahindi yalipopigwa marufuku kuuzwa nje ya nchi, bei ilianguka na wakulima wa mikoa yetu wakabaki na magunia yasiyo na mnunuzi. Mwaka huo huo viwavijeshi vamizi waliingia nchini na kushambulia mahindi. Aliyekuwa na mahindi peke yake alipigwa pande zote mbili. Wahenga walituonya: usiache mbachao kwa msala upitao.

MAZAO YATIMA

Duniani wataalamu wamewapa mazao haya jina la kusikitisha: mazao yatima. Wanayaita hivyo kwa sababu kwa miaka mingi hayakuwa na mtafiti wa kuyashughulikia wala kampuni ya kuuza mbegu zake, ingawa mamilioni ya watu huyala kila siku.

Sasa yatima hawa wameanza kupata walezi. Mwaka 2011 ulianzishwa muungano wa mazao yatima ya Afrika, ambao umeorodhesha mazao 101 ya bara letu ili vinasaba vyake vichunguzwe, na wagunduzi wa mbegu wa Kiafrika wamekuwa wakifundishwa kazi hiyo Nairobi tangu mwaka 2013. Njugu mawe, fiwi na mlonge ni kati ya mazao ya kwanza ambayo vinasaba vyake vilisomwa vyote. Umoja wa Mataifa nao uliufanya mwaka 2023 kuwa mwaka wa kimataifa wa ulezi, uwele na jamaa zake.

Hapa Tanzania kazi imeendelea pia. Kituo cha utafiti wa mboga cha World Vegetable Center kimekuwapo Arusha tangu mwaka 1992, na mbegu za mnafu aina ya Nduruma na Olevolosi, pamoja na mchicha aina ya Madiira, ziliidhinishwa mwaka 2011. Kwa upande wa mtama, aina ya Macia iliidhinishwa mwaka 1999, na Wahi na Hakika, zinazovumilia gugu la kiduha, zikafuata mwaka 2002. Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, yaani TARI, ina kituo Naliendele, Mtwara, kinachoshughulikia karanga, njugu mawe na ufuta.

Mfano unaotutia moyo zaidi ni wa viazi lishe, yaani viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa. Mwaka 2016 Tuzo ya Chakula Duniani walipewa watu wanne, na watatu kati yao walifanya kazi ya viazi hivi barani Afrika: Maria Andrade wa Cape Verde, Robert Mwanga wa Uganda na Jan Low wa Marekani. Hawakuishia kuzalisha mbegu. Walikwenda kwa akina mama, wakafundisha mapishi, wakaonyesha watoto wanavyopona upungufu wa vitamini A. Hapo tunajifunza kwamba mbegu bora bila mama wa kuipika hubaki mbegu tu.

VINNE VYA KURUDISHA CHUNGUNI

Shirika la Afya Duniani linagawa vyakula vya mtoto wa miezi 6 hadi 23 katika makundi manane, maziwa ya mama yakiwa kundi mojawapo, na linashauri mtoto apate angalau makundi matano kila siku. Uji mtupu wa mahindi, hata ukiwa mzito na mara tatu kwa siku, ni kundi moja. Ukiongeza maziwa ya mama ni mawili. Mazao yafuatayo yanaweza kutufikisha mbele bila kununua kitu dukani.

Njugu mawe. Zina protini karibu mara mbili ya mahindi, na huvumilia ukame na udongo mchanga uliochoka. Mizizi yake hurutubisha ardhi, hivyo mahindi yanayofuata hapo hunufaika. Panda mvua ikishakaa vizuri, kwa mistari iliyoachana kama sentimita 45 na shina hadi shina sentimita 15, na zikishachanua zipandishie udongo kwenye shina kwa sababu maganda hujaa chini. Lawama yake kubwa ni kuni: njugu kavu huchelewa kuiva. Ziloweke tangu jioni, mwaga maji hayo asubuhi kisha uzipike, utaona tofauti. Zikiiva, za mtoto ziponde hadi zilainike kabisa.

Ulezi. Gramu 100 za ulezi zina zaidi ya miligramu 300 za kalisiamu, madini yanayojenga mifupa na meno, wakati mahindi yana kidogo mno. Tena ulezi hutupa kimea. Uloweke usiku mmoja, uache uchipue siku mbili au tatu ukiwa umefunikwa kwa kitambaa safi chenye unyevu, uanike juani hadi ukauke kabisa, pukuta vichipukizi, saga. Ukiona ukungu, utupe. Pika uji mzito kisha ongeza kijiko cha unga wa kimea ungali moto, uuache uchemke tena kidogo: uji utalegea bila kuongeza maji, na mtoto mwenye tumbo dogo atapata nguvu zaidi katika kikombe kile kile. Taasisi ya Chakula na Lishe ilikwisha kulifundisha jambo hili tangu miaka ya 1980, nasi tumelisahau. Kazi ya ulezi ni palizi na kupura, hatutaficha. Anza na eneo dogo.

Viazi lishe. Katavi tunakula sana viazi vitamu, lakini vingi ni vyeupe, na vyeupe havina vitamini A ya kutosha. Kiazi lishe kidogo cha gramu 125 chaweza kumtosheleza mtoto mdogo kwa siku nzima, mradi chakula chake kiwe na mafuta kidogo ili mwili uitumie vitamini hiyo. Hii haiondoi matone ya vitamini A yanayotolewa mara mbili kwa mwaka kwa watoto wa miezi 6 hadi 59. Mpelekeni mtoto kama kawaida.

Mboga za asili. Mgagani, mnafu, mlenda, majani ya kunde na ya maboga yana madini ya chuma na vitamini nyingi kuliko kabichi tunayoifuata sokoni. Zikatwe zikishaoshwa na zipikwe muda mfupi. Uchungu wa mgagani hupunguzwa kwa maziwa au karanga zilizosagwa. Kula na limau au pera, kwa sababu tunda chachu husaidia mwili kupokea madini ya chuma, na chai isubiri saa moja au mbili baada ya chakula. Wenzetu Wasukuma waliohamia kwetu wamekuja na ujuzi wa kukausha: nsansa ya majani ya kunde, na michembe ya viazi. Tuwaulize watufundishe, maana hivyo ndivyo vyakula vya Septemba na Oktoba wakati bustani zimekauka. Mkaushe kivulini, mboga zisichomwe na jua kali.

Pamoja na hivyo, dagaa na migebuka ya Ziwa Tanganyika kutoka Karema na Ikola, na yai moja kwa mtoto, visisahauliwe. Mazao haya hayaji kuondoa samaki, wala hayaji kuondoa mahindi.

TAHADHARI YA SUMUKUVU

Siku hizi kila duka lina unga wa lishe wenye nafaka saba, karanga na soya ndani yake. Ndugu msomaji, kuchanganya vitu vingi si lishe bora moja kwa moja. Mwaka 2016 huko Dodoma na Manyara watu 68 waliugua na 20 kati yao wakafariki kutokana na mahindi yenye sumukuvu. Sumu hii hutokana na ukungu, hupenda zaidi mahindi na karanga, haionekani wala haifi kwa kupikwa, na ikiingia kidogo kidogo kwa muda mrefu huharibu ini na hudhaniwa pia kuchangia kudumaa.

Kwa hiyo unga wa mtoto uwe wa nafaka moja, iliyochambuliwa punje kwa punje. Karanga au njugu zisagwe peke yake kwa kiasi kidogo, ziongezwe wakati wa kupika. Anika mazao juu ya turubai au kichanja, usiyamwage chini. Punje iliyovunjika, iliyosinyaa au yenye rangi ya ukungu itupwe, na kuku wasipewe.

MBEGU ZIKO WAPI?

Sasa turudi kwenye swali la yule mama. Mbegu ziko wapi? Nyingine bado zipo hapa hapa kwetu. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 564,604 katika Katavi, na ile ya 2022 ikahesabu 1,152,958. Mkoa umejaa watu waliotoka kila pembe, na wengi hawakuja mikono mitupu. Walioishi Katumba na Mishamo tangu miaka ya 1970 wana maharage na mihogo yao, Wasukuma wana mlenda na kunde, Wafipa wana ulezi, na mabibi wa Kipimbwe, Kikonongo na Kibende wana yao katika vibuyu juu ya dari. Hakuna aliyewauliza.

Katika vikundi vyetu vya akina mama twaweza kuanza na siku moja ya mbegu. Kila mama aje na kikombe kimoja cha mbegu aliyo nayo, aeleze inavyoitwa kwao, inakomaa lini na inapikwaje. Mnabadilishana, mnaandika kwenye daftari, na mavuno yakija kila aliyepewa kikombe anarudisha viwili. Hakuna fedha inayohitajika.

Uzuri wa njugu mawe, mtama na ulezi ni kwamba mimea hii hujichavusha yenyewe kwa kiasi kikubwa, hivyo mbegu ya mwaka huu itafanana na ya mwaka jana. Haiko kama mahindi chotara ambayo hatuna budi kununua kila msimu. Kwa hiyo mama mwenyewe anaweza kuwa mboreshaji wa mbegu. Tatizo letu ni kwamba tunapanda mabaki: nzuri tunakula au tunauza, na zilizobaki tunaziita mbegu. Tufanye kinyume. Zao likiwa shambani, funga kitambaa kwenye mashina yasiyougua, yaliyobeba vizuri na kukomaa mapema. Hayo yavunwe kwanza na yawekwe pembeni. Njugu mawe zihifadhiwe na maganda yake, zikiwa kavu kabisa. Matunda ya mnafu yaliyoiva yakamuliwe majini, mbegu zilizozama zikaushwe kivulini. Kabla ya kupanda, weka mbegu 20 kwenye kitambaa chenye unyevu. Zikiota 15 au zaidi, mbegu yako inafaa.

Viazi lishe ndivyo vigumu zaidi, kwa sababu kiangazi chetu ni kirefu na marando hukauka. Njia iliyothibitishwa ni ya mchanga. Wakati wa kuvuna chagua viazi vidogo visivyo na tundu la mdudu, vipange katika beseni lenye mchanga mkavu bila kugusana, uviweke ndani penye ubaridi. Kila mwezi vikague na uondoe vinavyooza. Wiki 6 hadi 8 kabla ya mvua, vipande karibu na nyumba na uvimwagilie hata kwa maji uliyosuuzia mboga. Mvua ikija utakuwa na marando yako wakati jirani anahangaika.

Kwa aina zilizoboreshwa, mwoneni ofisa ugani wa kata, naye awaulizie TARI. Kikundi kikikomaa, kuna utaratibu wa mbegu za daraja la kuazimiwa unaosimamiwa na TOSCI, ambao humruhusu mkulima mdogo aliyesajiliwa kuzalisha mbegu ya aina iliyoidhinishwa, ikakaguliwa, na kuiuza katika eneo lake. Mbegu ya mlonge, mnafu au viazi lishe yaweza kuwa kipato cha mjane au cha msichana aliyekatisha masomo.

BABA NAYE ASEMEJE?

Hapo ndipo pagumu. Katika nyumba nyingi shamba kubwa ni la baba, na limekwisha kugawanywa: mahindi, mpunga, pengine tumbaku. Njugu za mama ni pembeni. Tena tumeona jambo moja likijirudia: zao la mama likianza kupata bei, linahamia kwenye shamba kubwa na fedha zake zinahamia mfuko mwingine. Kwa hiyo kuyatafutia mazao haya soko bila mazungumzo nyumbani kwaweza kumwacha mtoto pale pale alipokuwa.

Tunashauri mazungumzo yafanyike kabla ya jembe kuingia ardhini. Mama na baba wapatane mapema: debe ngapi za njugu na ulezi ni za nyumba hadi mavuno mengine, na hizo haziuzwi hata mnunuzi aje na bei gani. Kinachozidi hapo ndicho cha soko. Baba wengi wanakubali wakielezwa jambo lenyewe lilivyo. Tumewaona kliniki akina baba waliosimama kimya mbele ya ubao wa kupimia urefu, kisha wakauliza, "Nesi, kwa hiyo tumpe nini?" Mwiteni baba aje kliniki. Aone mwenyewe.

Mama mkwe naye aheshimiwe katika jambo hili. Mara nyingi ndiye anayebaki na mtoto, na ndiye mwenye ujuzi tunaoutafuta. Akiambiwa, "Mama, tufundishe ulivyokuwa ukipika ulezi," atafurahi kuliko akiambiwa kwamba anamlisha mjukuu vibaya.

TUSIDANGANYANE

Mazao haya peke yake hayataondoa udumavu. Mtoto anayeharisha kila wiki kwa maji machafu hatakua hata akila njugu kila siku. Malaria na minyoo hula damu ya mtoto. Mama anayeshinda shambani na kumwachia mdogo wake uji uliopoa hana muda wa kumlisha mara nne. Wasichana wetu wanazaa kabla miili yao haijamaliza kukua: katika utafiti wa mwaka 2015/16 Katavi iliongoza nchi nzima, asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au ni wajawazito. Binti wa namna hiyo na mwanawe wanagombania chakula kimoja ndani ya mwili mmoja. Mtama nao una ndege waharibifu, na njugu hazitalipa karo kama mpunga.

Hata hivyo, katika mambo yote hayo, hili la chungu ndilo tunaloweza kulianza bila kusubiri mradi wala mfadhili.

MSIMU HUU TUFANYE HAYA

Juni na Julai: chagua mbegu mashinani, weka viazi lishe kwenye mchanga, kausha mboga. Agosti, kabla malori hayajamaliza kupakia: tenga chakula cha nyumba na upatane na baba. Septemba na Oktoba: pandisha viazi karibu na nyumba, fanyeni siku ya mbegu kikundini. Novemba na Desemba: mistari mitano ya njugu mawe, kijisehemu cha ulezi, marando ya viazi lishe, na mnafu karibu na mlango wa jiko. Januari na Februari, miezi ambayo ghala nyingi zimebaki tupu, utakuwa unachuma mgagani na majani ya kunde wakati wengine wanakopa.

Na siku ya kliniki, mwombe nesi ampime mtoto urefu pia, asiishie kwenye uzito. Mwambie akueleze kadi inasema nini, kisha mwambie yale anayokula mtoto, kimoja kimoja. Yakipungua matano kwa siku, hapo mnajua pa kuanzia.